Mtoto wa Chuo

Nilichaguliwa kuwa afisa ustawi wa wanafunzi kwa sababu nacheka sana. Sisemi hivi kujisifu. Siku ya kura, pale chuoni kwetu Musoma, nilikuwa nashindana na dada mmoja wa fani ya umeme, mwenye akili kweli kweli, aliyepanga hoja zake mpaka walimu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Zamu yangu ilipofika, kipaza sauti kikapiga mluzi masikioni mwa watu, nikacheka, ukumbi mzima ukacheka, nikasahau yote niliyopanga kusema. Nikashinda. Toka siku hiyo wakaniita Mama Ustawi, na wakati huo sijawahi kuwa mama wa hata paka.

Chuo chetu ni cha ufundi. Wengi wetu tulifika pale baada ya kidato cha nne kutugomea. Mimi nilipata divisheni foo ile ya mwisho kabisa, inayokaribia kuanguka mezani. Baba yangu ni fundi cherehani, Nyasura, Bunda. Alipoona matokeo akasema, "Mwanangu, Mungu hajakunyima vidole," akanipeleka kusoma ushonaji. Sikuhuzunika sana. Mimi ni mtu wa ndoto. Kabla sijajua kukata kola nilikuwa nimeshachagua rangi ya bango la duka langu.

Kazi ya ustawi ni kazi ya miguu. Mtu akiumwa, unampeleka hospitali. Akifiwa, unaongoza msafara wa kwenda kuzika. Akikosana na mwenye nyumba aliyempangisha, unakwenda kuomba msamaha kwa kosa ambalo hukulifanya. Muhula ule ikaongezeka kazi nyingine: kuwafuata makwao wenzetu walioacha chuo katikati. Kampeni tukaiita Rudi Karakana. Walikuwa wametawanyika kila mahali, wengine ziwani kwenye dagaa, wengine machimboni, wengine kwa waume. Wiki hii tuko Bunda, wiki ijayo Butiama, tukirudi tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, kesho yake darasani nasinzia juu ya cherehani.

Mwenyekiti wa serikali yetu ya wanafunzi ndiye alikuwa msemaji wa kampeni. Kijana wa ujenzi, mrefu, sauti nzito, na alikuwa anautaka uenyekiti kwa mara ya pili. Kwa hiyo kila tulipokwenda kumrudisha mtu mmoja, yeye alihutubia kama vile kijiji kizima kina kadi ya kumpigia kura. Alikuwa na maneno yake ambayo hayakosekani popote: "Huyu ni wetu. Mzigo huu tuachieni sisi."

Kule Bugwema alimwambia hivyo mama mmoja ambaye kijana wake aliacha useremala akarudi kulima nyanya. Mama yule alikuwa ameinama shambani, hakunyanyuka hata kidogo.

"Ni wenu?"

"Ni wetu kabisa, mama yetu."

"Basi mbebeni sasa hivi, na hii ndoo ya mbolea muibebe, maana na yenyewe ni mzigo."

Tulicheka njia nzima kurudi Musoma. Mwenyekiti naye alicheka. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema.

Wiki ileile mwenzangu wa bwenini akafiwa na mama yake. Yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Alisoma uchomeleaji, msichana peke yake katika fani ile, mikono ina vidoa vya cheche hadi kwenye viwiko. Hakuwa na maneno mengi. Ya kwangu yalimtosha. "Wewe unachekaga mpaka usingizini," aliniambia siku moja, na sikujua kama ananisifu au ananilalamikia. Baba yao aliondoka zamani na hakuna aliyekuwa anamtaja. Mama alirudi kwao na mabinti wake wawili, akajengewa nyumba ndogo kwenye boma la kaka yake. Basi mtu mzima wa kiume kwao alikuwa mjomba.

Habari ilimkuta karakana, amevaa ile ngao ya uso. Alizima mashine kwanza. Akakunja waya, akavua glavu, akaziweka pamoja juu ya meza. Ndipo akakaa chini sakafuni.

Kijiji chao kiko kati ya Butiama na Nyamuswa, nyumba zimejificha nyuma ya mawe makubwa, mihogo na mtama vimepandwa popote udongo ulipopatikana. Mwaka ule mtama ulikuwa umekauka kabla ya kutoa kichwa. Tulifika wanafunzi wengi, tumejaa gari zima, tumevaa sare. Mimi nilijitanda kanga yangu vizuri, wao wakaimba nyimbo zao za kanisani, nami nikasoma dua zetu kimoyomoyo. Sidhani kama marehemu alichagua.

Jeneza liliposhushwa, wakaita salamu za rambirambi kutoka chuoni. Mwenyekiti akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na najua haikuwa ya kuigiza, maana alikuwa amemtazama mwenzetu pale alipokuwa ameshikwa na wanawake wa ukoo huku na huku.

"Wazee wangu," akasema, "msimhesabu huyu kuwa yatima. Kuanzia leo ni mtoto wa chuo. Mama yake ni sisi, baba yake ni sisi. Mzigo huu tuachieni."

Sisi tukapiga makofi. Wenyeji hawakupiga. Mjomba, mzee mwembamba mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, alivua kofia akasogea.

"Umesema mbele ya marehemu?"

"Nimesema, mzee wangu."

"Na hawa wenzako wamesikia?"

"Tumesikia!" tukaitikia kwa pamoja, kwa sauti ileile ya kampeni.

"Basi na sisi tumesikia," akasema mjomba, akavaa kofia yake, na vijana wakaanza kufukia.

Tukirudi mwenyekiti aliniuliza kama nimeona yule mzee alivyoguswa. Nikamwambia nimeona. Niliona kweli kuwa ni heshima, mzee kusimama vile na kuuliza. Nikawa nawaza namna tutakavyomfariji mwenzangu akirudi, nikamkatia na kitambaa cha kumshonea gauni jeusi lenye kola nyeupe.

Alirudi chuoni baada ya kuanua matanga. Nilimkuta amekaa kitandani, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Pole, mwaya. Wamemaliza salama?"

"Wamemaliza. Wamegawana."

"Wamegawana nini?"

"Mdogo wangu amekwenda kwa mjomba. Mbuzi wamekwenda kwa mama mdogo. Sufuria amepewa bibi." Akalainisha mkono wa blauzi. "Nikawa nangoja jina langu. Mjomba akasema, huyu ana wenyewe, wametamka kaburini. Wakafunga kwa sala."

Nikacheka. Ndivyo ninavyofanyaga nikishtuka. "Alikuwa anatania."

"Kwetu kaburini hakuna utani."

Sikumwelewa vizuri siku ile. Kwetu Nyasura sisi ni watu wa mchanganyiko, huyu babu yake alitoka Tabora, huyu alitoka Ujiji, yule hata hasemi alitoka wapi, na jirani akikupikia mara tatu ameshakuwa shangazi. Lakini yeye alinieleza polepole, kama mwalimu mwenye huruma. Likizo inakuja, bweni litafungwa. Yeye atakwenda wapi? Hata hiyo likizo tuiache. Siku akija mtu kumposa, posa itapelekwa boma gani? Akiumwa, atauguzwa kwenye nyumba ya nani? Na akifa je? "Siku ya kunizika, watapiga simu kwa mlinzi wa geti?"

Hapo sikucheka.

Nilianza na matroni. Alikuwa anahesabu magodoro, akanisikiliza bila kuacha.

"Bweni likifungwa limefungwa," akasema. "Msichana akibaki humu peke yake akapatwa na jambo, nani atajibu? Aende kwao."

"Kwao wamesema kwao ni hapa, mama."

Akageuka akanitazama, na nikaona naye ameumia. "Mwanangu, hapa ni majengo. Wametamka vipi wakayapa majengo mtoto?"

Akabaki mwenyekiti. Kumpata ilikuwa kazi, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na kila chumba kilikuwa kinamtaka. Nikampata Bunda, stendi, tumekwenda kumtafuta dada mmoja wa mapishi aliyekuwa anauza chapati pale. Dada mwenyewe alitupa chapati na akakataa kurudi. Tukasimama kivulini mwa kibanda cha tiketi, nikamweleza yote.

"Lakini lile neno nalisemaga kila msiba!" akasema.

"Ndiyo. Ila kule kijijini umejibiwa."

Akahamishia chapati mkono wa kushoto. Kisha akatoa simu, akampigia mjomba, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Akaanza na shikamoo, akaulizia mvua, akaulizia ng'ombe, akafika kwenye jambo. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana," akasema, "neno ulilolisema umesimama juu ya kaburi, unalirudisha kwa simu?" Akakata.

Ndipo tukaenda wenyewe. Tulikuwa na mkutano wa Rudi Karakana Butiama asubuhi, watu wachache, jua kali; ulipokwisha tukachukua bodaboda mbili mpaka kijijini. Mwenzangu hatukumwambia. Nilitaka nimrudie na habari njema mkononi, nimwambie, haya, funga begi, likizo unakwenda kwenu. Njiani nilikuwa nimeshaiona sura yake atakavyotabasamu.

Mjomba alitupokea vizuri. Mke wake, ambaye mwenzangu humwita mama mkubwa, akatuletea viti na uji mwepesi wa muhogo. Mbele yangu kulikuwa na kihenge cha nafaka, kifuniko chake kimeegemezwa pembeni. Toka pale nilipokaa niliweza kuona ndani mpaka chini. Kilikuwa kimefagiliwa.

Mwenyekiti alijitahidi. Hakutoa hotuba, aliongea kama mtoto aliyevunja chungu. Akasema yalikuwa ni maneno ya kutia moyo, ndiyo desturi yao wanafunzi, hakukusudia kumtoa mtu ukooni.

"Naelewa," mjomba akasema. "Wewe ni mdogo. Ulitaka kutufariji na umetufariji. Lakini mimi niliitikia. Ukoo mzima ulisikia, majirani walisikia, marehemu mwenyewe alikuwa pale. Leo nikimleta hapa nyumbani, watu watauliza swali moja tu: chuo kimemkataa kwa kosa gani? Watasema ameiba. Watasema ana mimba. Unataka nimjibie nini?"

Mwenyekiti akainamia uji wake. Sijawahi kumwona hivyo, kabla wala baadaye.

"Baba," nikasema, "si uwaambie tu ukweli, kwamba sisi tulikosea?"

"Mlikosea watu wote mliojaa gari lile?" Alinitazama kwa upole kabisa. "Binti, kunywa uji."

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Tulipoaga alitusindikiza hadi njiani, akanishika mkono akaung'ang'ania kidogo, akauachia.

Nilimweleza mwenzangu jioni hiyohiyo, nikijaribu kupunguza huku na kuongeza kule. Hakukasirika. Nilitamani akasirike.

"Mjomba si mbaya," akasema. "Ana watoto wake, ana wa marehemu kaka yake, sasa ana mdogo wangu. Mtama umekufa. Mwenyekiti wako amemfungulia mlango, na yeye ametokea humo. Ungekuwa wewe?"

"Kwa hiyo siyo mila?"

"Mila ipo. Njaa nayo ipo. Mwaka wa mavuno angetafuta namna ya kulisahau neno lile."

Mwenyekiti alishinda uchaguzi. Kwenye kuapishwa, walipompa kipaza sauti, alishukuru kwa maneno mafupi akakaa, watu wakanung'unika kwamba ameshaanza kiburi. Mimi tu na mwenzangu ndio tulijua kwa nini. Alinifuata baadaye akaniuliza afanye nini zaidi. Nikamwambia sijui. Ni kweli sikujua. Kampeni yetu ilikuwa imewarudisha watu kadhaa karakana, walimu wakatupongeza, na mimi usiku ule wa pongezi nilikuwa nafikiria geti likifungwa.

Likizo ilipofika nikamchukua, tukaenda kwetu. Baba hata hakuuliza maswali, alinyanyua macho kwenye cherehani akasema, "Karibu, mwanangu, kuna nguo za kufunga vifungo hapa kama unaweza." Mama akampa kitanda changu, mimi nikalala chini. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha. Nilijiona nimetatua. Nikaanza ndoto zangu tena: mimi na duka langu, yeye na karakana yake pembeni, anachomea mageti, nashona, bango moja.

Lakini hakukaa kama mtu aliyefika. Asubuhi tukiamka uwanja umeshafagiliwa. Akila, anaacha. Akitaka chumvi anaomba. Hakuegemea ukuta wa nyumba yetu hata siku moja. Alikaa wima pembeni ya mkeka, kama anangojea kuitwa.

Mama akanivuta jikoni. "Huyu mtoto ananiumiza. Jana ameniomba ruhusa ya kunywa maji. Maji!"

"Ndivyo alivyo, mama."

"Mwambie avunje hata sahani moja, nimgombeze, azoee."

Nilimwambia. Alitabasamu, lile tabasamu la kuniridhisha. Siku chache mbele akasema anataka kwenda kumwona mdogo wake. Akasema "kumwona." Hakusema kwenda nyumbani. Tukapanda basi la asubuhi mpaka Nyamuswa, tukachukua bodaboda.

Nyumba ya mama yake tulipita mbele yake. Bati zilikuwa zimeezuliwa. Kuta bado ziko, na juu mbingu. Mwenye bodaboda alipunguza mwendo, akafikiri ndipo tunaposhuka. Mwenzangu akamgonga bega: "Twende tu, kaka. Mbele kidogo."

Mjomba alikuwa nje anachonga mpini. Akasimama, akapokea shikamoo zetu, akamtazama mpwa wake kuanzia kichwani mpaka viatuni, na usoni kwake niliona furaha, siwezi kusema uongo, furaha ilikuwepo. Kisha akauliza:

"Wenyewe wamekuruhusu kuja?"

"Wameniruhusu, mjomba," akajibu mwenzangu.

Mdogo wake akatoka mbio nyuma ya nyumba, akamrukia kiunoni, akang'ang'ania pale. Alikuwa amekonda, lakini nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri. Mtu alikuwa anamshughulikia. Mama mkubwa akaleta viti viwili, akatandika na kitambaa juu ya kile cha mwenzangu. Nikaona ameingia jikoni, ametoka na mahindi kiganjani, anaita kuku. Muda si muda nikasikia kuku analia, halafu hakulia tena.

Nikamgonga mwenzangu kiwiko kwa furaha. "Umeona? Wanakuchinjia kuku! Na njaa hii yote! Sasa nani kasema hawakutaki?"

Alikuwa ameinuka, anafuata ndoo iliyokuwa mlangoni, ya kuchotea maji. Mama mkubwa akamwahi.

"Acha, mama. Umetoka safari. Pumzika."

"Nakwenda mara moja tu, mama mkubwa. Njia naijua."

"Acha nasema. Wapo watoto watakwenda."

Wote wawili walikuwa wameishika ndoo. Walisimama hivyo bila kuvutana, kila mmoja anatazama upande wake. Kisha mwenzangu akaachia, na mdogo wake akaitwa, akapewa ndoo, akaondoka nayo kwa kuruka ruka.

Mwenzangu akarudi akakaa kwenye kiti chenye kitambaa. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Mtoto wa nyumbani hachinjiwi kuku. Anatumwa maji."

Nilitazama mbuzi wawili wa mjomba waliokuwa wanakula maganda ya muhogo, nikawatazama sana.

Chakula kikaiva mchana. Tukakaribishwa ndani, mezani, sisi wawili na mjomba. Mama mkubwa na watoto walikaa mkekani upande wa jikoni, nao tukawa tunawaona kupitia mlango ulio wazi. Mjomba akasali, akaomba baraka kwa "wageni waliotutembelea." Ugali ulikuwa mdogo na mweusi, wa muhogo. Kuku alikuwa mezani karibu wote. Mama mkubwa alikuwa amemwekea mwenzangu paja, zima, juu kabisa ya sahani, na mimi la pili. Kule mkekani watoto walikuwa wanagombea shingo na miguu, kama watoto wa popote.

Mwenzangu alinawa mikono. Alilitazama paja kwa muda. Akalichukua, akalirudisha kwenye bakuli.

"Mjomba," akasema, "mimi naomba mguu. Huu wa chini, wa watoto."

Mjomba alikuwa na tonge mkononi. Kule mkekani mama mkubwa aliacha kutafuna. Mimi nilitamani kucheka, kile kicheko changu cha kuniokoa, lakini hakikuja.

"Kula hicho ulichopewa," mjomba akasema taratibu. "Ni cha heshima yako."

"Najua, mjomba. Nakushukuru. Lakini nimezoea mguu. Nilipokuwa hapa nilikuwaga nakula mguu."

"Imeshakwisha. Wamekula watoto."

Mdogo wake alisikia. Mguu mmoja alikuwa nao yeye, ameshautafuna vidole viwili. Aliutazama, akautazama uso wa dada yake. Akainuka mkekani, akavuka mlango, akauweka ule mguu uliokwisha kung'atwa kwenye sahani ya mwenzangu, karibu na ugali. Halafu akasimama palepale, anangoja kuona kama atagombezwa.

Hakuna aliyemgombeza. Mwenzangu aliuokota akaanza kuula, polepole, anavunja kifundo kimoja baada ya kingine, anafyonza, machozi yanashuka na hayafuti kwa sababu vidole vina mchuzi. Mjomba aliliweka tonge lake chini. Aliangalia mikono yake. Akasema anakwenda kuwaangalia ng'ombe, akachukua kofia ukutani, akatoka.

Kupitia dirisha nilimwona amesimama kwenye uzio wa zizi, mikono juu ya fito, mgongo umetugeukia. Ng'ombe walikuwa malishoni toka asubuhi. Zizini hamkuwa na kitu.

Mama mkubwa akaja, akalichukua lile paja kwenye bakuli, akampa mdogo. Kisha akakaa kwenye kiti cha mume wake, akamfuta mwenzangu uso kwa upindo wa kanga yake, na wakawa hivyo, mmoja anafuta, mwingine anakula, mpaka mlio wa bodaboda iliyokuja kutuchukua ukasikika barabarani, na mjomba bado hajarudi kutuaga.